Wenzetu Waliotangulia: Tunadaiwa Nini?

(Maneno ya Katibu wa Kikundi katika sherehe ya kutimiza miaka kumi, mbele ya wanachama, familia za marehemu na wageni waalikwa)

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Kikundi,
Ndugu viongozi wa Serikali ya Kijiji,
Shehe wetu na Mchungaji wetu,
Wageni waalikwa, na akina mama wenzangu wote,

 

 Kwenye ratiba nimeandikiwa "Kuwakumbuka Marehemu, dakika kumi na tano". Dakika kumi na tano kwa watu wanne si nyingi, kwa hiyo sitazunguka.

Mwenyekiti amekwisha kusoma majina ya wenzetu wanne waliotutoka katika miaka hii miwili, nasi tumesimama kimya dakika moja. Majina yao yamo pia katika ukurasa wa kwanza wa kijitabu hiki. Mimi sitayarudia. Nitawataja kwa kazi zao, kama tulivyozoea kuwaita tukiwa kisimani au shambani. Familia zao zimekaa hapa mbele. Nilikwenda nyumba kwa nyumba kuomba ruhusa ya kusema nitakayoyasema, na zote zilinikubalia. Nazishukuru sana.

Jamani, mnajua jinsi wasifu wa mwanamke unavyosomwa msibani. Alizaliwa mwaka fulani, akaolewa na fulani, akajaliwa watoto sita, akaugua, akafariki. Basi. Wa mwanamume utasikia alifanya kazi reli, alikuwa balozi wa nyumba kumi, alisimamia ujenzi wa shule. Si kwamba watu wana roho mbaya. Anayeandika wasifu ni kijana aliyepewa kalamu usiku wa msiba. Anazunguka uani akiuliza, "Hivi bibi alikuwa anafanya kazi gani?" Na wale wanaojua jibu wako jikoni wanapika.

Sisi katika kikundi tumejifunza jambo moja kwa miaka hii kumi: kuandika. Kila Jumatano tunaandika nani ameweka hisa ngapi, nani kakopa, nani karudisha, nani kachelewa akapigwa faini. Hatuachi mambo kichwani, maana kichwa husahau, tena husahau pale panapomfaa mwenye kichwa. (Kicheko.)

Basi kwa ajili ya leo nimefungua daftari jingine. Upande mmoja nimeandika kile wenzetu hawa walichotuwekea. Upande wa pili nimeandika tunachodaiwa. Wao hawawezi tena kuja kudai. Itabidi tujidai wenyewe.

BIBI WA MKONGE

Mkubwa wao kwa umri alikuwa Bibi wetu wa mkonge.

Ninyi vijana mnapita barabarani mnaona mistari ya mkonge, hamgeuzi hata shingo. Lakini mkoa wetu huu wa Tanga ulijengwa na mkonge. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa tani zipatazo 230,000, ikawa inaongoza duniani. Wakataji hawakutosha hapa kwetu, wakaletwa kutoka mbali: Songea, Iringa, Kigoma, hata Burundi na Msumbiji. Waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba, na kwenye daftari la shamba namba ndiyo ilikuwa jina lake.

Baba yake Bibi alikuwa mmoja wao. Bibi aliletwa huku angali mtoto wa mgongoni. Alipokua alipata kazi kwenye uwanja wa kuanikia. Wanaume walikata majani, mashine ya korona ikayakwangua, na wanawake wakazitandaza nyuzi mbichi kwenye waya juani, wakazigeuza, wakazianua. Maji ya mkonge yanawasha. Walioshikana mikono na Bibi wanakumbuka ngozi ya viganja vyake ilivyokuwa, ngumu kama kisigino.

Kisha nyuzi za plastiki zikaingia sokoni, bei ya mkonge ikaanguka, mashamba mengi yakageuka pori. Kufikia miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa inatoa chini ya tani 40,000 kwa mwaka. Wenzake wengi walirudi kwao. Bibi hakurudi. Arudi kwao wapi? Wazazi wake wamezikwa hapa. Hakuwa na ukoo, hakuwa na shamba la urithi. Alilima kibarua na kusokota kamba. Mbuzi wengi wa kijiji hiki wamefungwa kwa kamba za Bibi.

Siku tulipoandikishana uanachama, fomu ilikuwa na mstari wa "ndugu wa karibu". Nilipofika hapo Bibi akasema, "Andika: kikundi." Wote tukacheka. Yeye hakucheka. Akangoja mpaka nimeandika, kisha akaniomba nimsomee.

Msiba wa mtu asiye na ukoo una aibu yake. Watu husimama uani wakiulizana kwa macho nani atanunua mbao za jeneza. Bibi alipofariki hatukuulizana. Mtunza fedha alifungua mfuko wa jamii asubuhi ile ile. Zikanunuliwa mbao, shuka jeupe, mchele, maharage na sukari. Kaburi lilichimbwa na vijana wa dini zote mbili, kama ilivyo desturi yetu, na Padri akaja kumzika. Jeneza la Bibi lilitoka kwenye mia tano tano zetu za kila Jumatano, na mia tano zake mwenyewe zilikuwamo. Hakuzikwa kwa hisani ya mtu. Alizikwa na ndugu yake aliyemwandika kwenye fomu.

Sasa upande wa pili wa daftari. Nasema bila kumtazama mtu usoni. (Kicheko.) Katika kurasa za mfuko wa jamii kuna mistari mitupu. Hisa tunazikimbilia kwa sababu zina mgao mwisho wa mwaka. Mia tano ya mfuko tunasema, "Katibu, niandikie wiki ijayo." Bibi, mtu wa kibarua, ukurasa wake hauna mstari mtupu hata mmoja kwa miaka yote aliyokuwa nasi. Nendeni mkautazame, uko pale mezani.

MAMA MWOSHA

Wa pili ni Mama Mwosha.

Kila mtu hapa anamjua mkunga aliyempokea. Watu hawapendi kufikiri juu ya atakayewaosha. Kwa wenzetu Waislamu mwanamke huoshwa na wanawake, akavishwa sanda ya vipande vitano, na mwanamume vitatu. Kwa zaidi ya miaka thelathini, katika kijiji hiki na vijiji jirani, mikono iliyofanya kazi hiyo ilikuwa ya Mama yetu huyu. Aligongewa usiku, akaamka. Wakati wa masika alivuka mto sketi imefungwa kiunoni. Hakuweka bei. Akipewa kipande cha sabuni alishukuru, asipopewa alishukuru vile vile.

Kuna jambo nataka vijana walisikie, kwa sababu hamkuwapo. Ugonjwa wa UKIMWI ulitambuliwa kwa mara ya kwanza hapa Tanzania mwaka 1983 kule Kagera, na haikupita miaka mingi ukawa umefika kila mkoa. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure katika hospitali za serikali mwaka 2004. Hesabuni wenyewe: ni miaka ishirini na ushei. Katika miaka hiyo watu walikufa wamekonda, na nyumba zao zikakwepwa kama nyumba za wachawi. Zilikuwapo maiti ambazo ndugu wa damu waliogopa kuzishika.

Mama Mwosha alizishika. Glovu hazikuwapo, akajifunga mifuko ya plastiki mikononi. Akaosha, akatia karafuu maiti, akavisha sanda. Kisha akatoka nje, akanawa, akaketi mkekani na wafiwa, akala chakula cha nyumba ile. Hakumhubiria mtu. Alikula tu, polepole, watu wakimtazama kutoka barabarani. Na baada ya muda mmoja akaingia, wa pili akaingia, msiba ukawa msiba kama mingine. Zipo familia hapa ambazo zilipata majirani wao tena kwa sababu ya sahani ile ya wali.

Na jambo jingine. Mwosha huona kila kitu: kovu, kidonda, alama ya kipigo, siri ya mwili. Nani hapa amewahi kusikia Mama Mwosha akisema aliyoyaona? (Kimya.) Hakuna.

Msidhani nampamba. Alikuwa mkali. Katika daftari la faini jina lake linaongoza kwa kubishana mkutanoni bila ruhusa ya Mwenyekiti. (Kicheko.) Alilipa faini zote, kisha akaendelea kubishana.

Miaka mitatu kabla hajafariki, afya ikianza kumwacha, aliita wanawake watatu vijana akawaambia, "Mimi nani ataniosha? Njooni mjifunze nikiwa na macho ya kuwatazama." Wawili walikimbia siku ya kwanza. Aliwafuata majumbani. Walirudi. Na siku yake ilipofika, hao watatu ndio walioingia ndani na kufunga mlango. Tuliokuwa nje tulisikia maji tu. Hakuna aliyelazimika kutumwa kijiji cha pili kutafuta mtu.

Deni lake kwetu liko wazi. Katika kikundi chetu hesabu ya mgao wa mwisho wa mwaka tunaijua watu wawili, mimi na Mtunza fedha. Anayejua dawa ya kienyeji ya mbuzi ni mmoja. Wanaojua kusuka mikeka ya ukili ya mistari mitatu wamebaki wawili, na wote wamevuka miaka sabini. Mama Mwosha alikuwa na kazi inayoogopesha kuliko zote hizi, na bado alipata wanafunzi, kwa sababu aliwafuata. Tuwafuate na sisi.

MWENYE UFUNGUO WA PILI

Wageni wetu labda hamjui sanduku letu linavyofungwa. Lina makufuli matatu, na funguo tatu hukaa kwa wanachama watatu tofauti. Si Mwenyekiti, si Katibu, wala si Mtunza fedha. Sanduku lenyewe hukaa kwa mtu wa nne. Mtu mmoja hawezi kulifungua, wawili hawawezi. Ufunguo wa pili ulikaa kwa mwenzetu huyu tangu siku ya kwanza, hadi siku alipofariki.

Alipoolewa hakujua herufi hata moja. Hakuwa peke yake. Wakati wa Uhuru, mwaka 1961, watu wazima wengi wa nchi hii hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wakakusanyika kwa makundi kusikiliza redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kufikia mwaka 1986 hesabu za serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma wamebaki kama mtu mmoja katika kila kumi. Mmoja wa waliotolewa katika hesabu ile ni yeye. Alisoma kisomo chini ya mwembe, mtoto mgongoni, na kipande cha mkaa kikiwa chaki yake ya nyumbani. Mumewe, Mungu amrehemu, alimruhusu. Nasema hili kwa sababu mwenyewe alikuwa halisahau.

Mumewe alipofariki, baadhi ya wanaukoo walikuja na karatasi iliyokwisha kuandikwa, pamoja na wino wa dole gumba. Wakamwambia ni mambo ya kawaida ya msiba. Akasema, "Nipeni nisome kwanza." Karatasi ilisema anaridhia kuliacha shamba la michungwa na kurudi kwa kaka zake. Akaikunja, akawarudishia, akasema, "Dole langu lina kazi nyingine."

Akaenda kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Akina mama, naomba mlijue hili kama mnavyojua bei ya chumvi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ambayo ilianza kutumika mwaka 2001, inasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata ardhi, kuimiliki, kuitumia na kuitoa. Mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu mbele ya sheria. Na Baraza lenyewe lina watu saba, ambao watatu lazima wawe wanawake. Mirathi ni jambo gumu, lina mila, lina dini, lina sheria, na si kila mjane amefanikiwa kama yeye. Yeye alifanikiwa. Shemeji zake walipatana naye baadaye, wamekaa pale, na wao wenyewe ndio walioniambia, "Sema, Katibu, ili wengine wasirudie." (Makofi.)

Alifariki usiku wa Jumanne. Jumatano asubuhi, kabla hata maturubai hayajafungwa, mjukuu wake alikuja kwangu na ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga. Akasema, "Bibi alisema kesho Jumatano, ufunguo usichelewe." Ndani ya kanga kulikuwa pia na kitabu chake cha hisa. Tukafungua ukurasa wa mwisho, ule wa mrithi. Ulikuwa umejazwa kwa mwandiko wake mwenyewe, herufi kubwa kubwa: majina ya wajukuu watatu, na nani apewe nini. Familia ililipwa hisa zake siku hiyo hiyo baada ya mazishi. Hakuna aliyebishana na mtu.

Deni letu kwake ni dogo, halihitaji hata senti. Niliwahi kupitia vitabu vyote kabla ya sherehe hii. Wanachama 31. Waliojaza ukurasa wa mrithi ni 12.

MDOGO WETU WA MACHUNGWA

Wa nne ndiye mdogo kuliko wote, na ndiye anayenipa taabu kumsema.

Mnamkumbuka akiwa barabarani na meza yake, amepanga machungwa kama piramidi. Alikuwa akinunua michungwa ikiwa bado na maua, akangoja, akavuna, akapakia malori ya Dar es Salaam. Mikopo ya kikundi hiki ndiyo ilimwinua. Alikopa akarudisha, akakopa akarudisha. Alikuwa na miaka 36 na watoto watatu.

Aliugua kimya. Alitokwa na damu wakati usio wake, akasema ni mambo ya wanawake. Maumivu ya kiuno yakaja, akasema ni kubeba matenga. Akanunua vidonge dukani. Akapelekwa kwa mganga. Alipofika hospitali aliambiwa ni saratani ya mlango wa kizazi, na kwamba imekwisha kuenea. Mama yake mzazi, aliyekaa pale mbele, nilipomwendea alinishika mkono akaniambia, "Sema yote, mwanangu. Asife mwingine hivi."

Basi nasema yote. Saratani hii ndiyo inayoua wanawake wengi kuliko saratani nyingine yoyote hapa Tanzania. Inasababishwa na virusi viitwavyo HPV, ambavyo huambukizwa kwa njia ya kujamiiana. Si laana, si kurogwa, wala si dalili ya tabia mbaya, kwani hata mke wa mume mmoja anaweza kuipata. Inachukua miaka mingi kukomaa, na katika miaka hiyo inaweza kuonekana na kutibiwa kabla haijawa saratani. Muuguzi anapaka maji ya siki kwenye mlango wa kizazi na kuangalia kama kuna sehemu inayogeuka nyeupe. Ni dakika chache. Mwenye virusi vya UKIMWI yuko katika hatari zaidi, apimwe mara nyingi zaidi. Kwa binti zetu ipo chanjo. Ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikapanuliwa kwa wa miaka 9 hadi 14, sindano moja tu. Siku wauguzi wakija shuleni, usimfiche mtoto wako kwa sababu ya maneno ya sokoni.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo wengi wenu mlidhani sitaligusa.

Mdogo wetu alipofariki alikuwa na hisa zenye thamani ya shilingi 240,000. Alikuwa pia na mkopo ambao haujarudishwa wa shilingi 390,000, fedha za machungwa yaliyokuwa bado mtini. Ukurasa wake wa mrithi ulikuwa mweupe. Na katiba yetu ilikuwa haisemi chochote juu ya mkopo wa mtu aliyefariki.

Mnakumbuka Jumatano tatu zile. Wengine walisema fedha ni za wanachama wote, nao wana watoto pia, kwa hiyo deni lilipwe na mumewe. Walikuwa na haki kusema hivyo. Wengine walisema mume ana mzigo wa mazishi na watoto watatu, tukimfuata tutakuwa watu gani. Nao walikuwa na haki. Mume alidai hisa, na bibi wa watoto naye akazidai kwa ajili ya wajukuu. Watu waliacha kusalimiana kisimani. Kikundi kilikuwa karibu kuvunjika mwaka wake wa tisa.

Mwisho tuliamua hivi: hisa zilipe sehemu ya mkopo, na shilingi 150,000 zilizobaki zilipwe na mfuko wa jamii. Hesabu ikafungwa. Sanduku halikupoteza kitu. Lakini watoto watatu wa mwenzetu aliyeweka akiba miaka saba hawakupata hata ndururu. Kwa karatasi ilikuwa sawa. Wapo waliotoka mkutanoni siku ile hawajalala vizuri hadi leo.

TUNACHODAIWA

Ndugu Mgeni Rasmi, ndugu wanakikundi, najua hotuba ya ukumbusho huishia na dua. Dua itakuja, Shehe na Mchungaji wapo. Mimi naomba kwanza tulipe.

Mkutano Mkuu unakaa kesho kutwa. Nimepeleka maombi manne kwa Mwenyekiti, na nayasema hapa hadharani ili nisipate pa kurudi nyuma.

La kwanza: mkopo ufe na mkopaji. Kila anayekopa alipe kidogo zaidi, shilingi kumi kwa kila elfu moja, ziwekwe katika bahasha yake ndani ya sanduku. Mwanachama akifariki, bahasha hiyo ilipe deni, na hisa zake ziende kwa warithi wake bila kukatwa. Kwa mkopo wa laki moja ni shilingi elfu moja. Ni bei ya machungwa machache. Kama sheria hii ingekuwapo, watoto wale wangepata hisa za mama yao zote, shilingi 240,000.

La pili: asiyejaza ukurasa wa mrithi asikopeshwe. Asiyejua kuandika aandikiwe na kusomewa mbele ya mashahidi wawili, na majina yawe ya watu anaowataka yeye.

La tatu: tuchague Jumatano moja kila mwaka twende wote kituo cha afya kupimwa, tumekodi gari moja, tumevaa sare zetu. Mtu peke yake huona haya. Watu 31 hawaoni haya.

La nne ni daftari hili nililolishika. Tuliite Daftari la Wenzetu. Wanachama wetu waliovuka miaka sitini ni tisa. Kila mmoja atembelewe na wanachama wawili vijana, na daftari, na robo kilo ya sukari ya chai ya mazungumzo. Waulizwe walitoka wapi, walifanya kazi gani, walijifunza nini, walimsaidia nani, na wanataka kumfundisha nani. Yaandikwe wakiwa hai, wasomewe, wasahihishe wenyewe. Usiku wa msiba, kijana mwenye kalamu atakapozunguka uani, apewe daftari badala ya kukisia.

Maana kama si kuulizana sisi kwa sisi wiki zile za maandalizi, hata leo tusingejua kwamba Bibi wa mkonge alifunga mbuzi wa nusu ya kijiji, wala kwamba sahani ya wali ilirudisha majirani, wala kwamba mwenye ufunguo wa pili alijifunza "a" kwa kipande cha mkaa.

Kwa familia nne zilizoketi hapa: hatukuja leo kuwapa pole tu, pole mlikwisha kupewa. Tumekuja kuwaambia kwamba wenu walikuwa na akiba kwetu ambayo haikuandikwa kwenye hisa. Sasa imeandikwa. Kazi iliyobaki ni yetu, na Mkutano Mkuu utaonyesha kama sisi ni walipaji.

Mwenyezi Mungu aziweke roho za marehemu wetu mahali pema peponi. Amina.

 Akina mama hoyee!